Majivu Kwenye Ncha ya Ndizi

Haya, kaeni, na hizo simu ziwekeni chini kidogo. Hamtakufa. Kila wiki mmoja wenu hunijia hapa nyumbani Tukuyu na swali lilelile: "Bibi Rehema, nataka kupiga picha za maua kwa karibu, ninunue lenzi gani?" Mwingine hata hodi hajaimaliza, keshafungua simu anionyeshe lenzi ya bei ya ng'ombe, eti muuza duka kamwambia bila hiyo hapati kitu. Mimi nawaambia muuza duka huyo hajawahi kulala kifudifudi kwenye tope la Rungwe. Yeye mwacheni auze, nyinyi nisikilizeni mimi.

Nilianza kwenye studio ya marehemu baba. Watu wake walitoka Kilwa wakaja huku milimani na cherehani, yeye akaongeza kamera. Baadaye ofisi moja ya kilimo ikaniajiri nipige picha za majani yenye madoa, maua yenye wadudu na mizizi iliyooza, zipelekwe kwa wataalamu mbali huko waseme ni ugonjwa gani. Wenzangu waliokuwa wanapiga maharusi walinicheka sana. Walisema Rehema kaacha kupiga mabibi harusi, sasa anapiga ukungu wa viazi. Studio zao zote zimefungwa siku nyingi, na mimi bado mnanijia mlangoni kuuliza.

Kabla hujauliza lenzi, uliza unapiga nini. Nyuki kwenye ua la kahawa anataka ukae mbali naye, kwa hiyo hapo lenzi ndefu ya makro, ile ya milimita mia, itakufaa. Ukimsogelea anaruka, na kivuli chako kinaliziba ua. Lakini jani halikimbii. Ua la viazi halikimbii. Kwa vitu hivyo lenzi ya kawaida ya milimita hamsini inatosha kabisa, ukiifungia pete tupu zisizo na kioo kati yake na kamera. Pete hizo hazifanyi muujiza, zinaisogeza lenzi mbele tu, na hapo ndipo inapoanza kuona vidogo. Atakayekwambia hilo ni la kimaskini, muulize ana picha ngapi.

Na kama huna hata pete, geuza lenzi. Baba ndiye aliyenifundisha. Siku hiyo nilikuwa nalia kwamba bila lenzi ya Kijerumani siwezi kazi. Akaichomoa ile hamsini, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa mkono mdomoni mwa kamera, akaniambia nitazame kifungo cha kanzu yake. Niliona uzi wa kile kifungo mnene kama kamba ya kisima. Akasema, "Kioo hakijui mbele wala nyuma. Anayejua ni wewe." Fundi redio wa sokoni alinichongea pete ya kuishika hivyo ilivyogeuka, na nimeitumia mpaka nimestaafu. Ipo humo ndani kabatini. Haiuzwi, msiniulize.

Stendi ya miguu mitatu nunueni, ila muikague. Miguu yake itanuke mpaka kamera iguse majani ya chini, vinginevyo ni ya kupigia picha za kwaya. Sehemu ambayo stendi haikai, tumieni kimfuko cha maharage, kamera unailaza juu yake inatulia tuli. Hapo nami nina aibu yangu. Nilishona kimfuko kizuri, nikakijaza maharage ya Isongole, kikalowa mvua nikakisahau ofisini sikukuu nzima ya Idi. Niliporudi kilikuwa kimechipua pande zote mbili. Mkuu wangu wa kazi akasema afadhali, ofisi imepata shamba darasa. Siku hizi maharage nayakaanga kwanza.

Na mvua ya hapa msiifanyie mzaha. Ukiacha lenzi kwenye mkoba wa ngozi, kuvu linaota ndani ya kioo, na hapo hakuna fundi. Mimi zangu nalaza kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na mchele mkavu wa Kyela uliokaangwa, nabadilisha kila baada ya muda. Jirani yangu alisema ni kufuru kuilisha kamera mchele wa Kyela. Nikamwambia kamera hii ndiyo inayotulisha sisi, acha nayo ile.

Sasa niwasimulie lililonifanya nisiheshimu kifaa kwa sababu ya bei yake. Silisimulii kwa raha.

Ofisi ilileta lenzi mpya ya makro, ndefu, nzito, pamoja na taa ya duara inayofungwa mdomoni mwa lenzi. Mkuu wangu alikuwa anaishika kama mtoto mchanga. Akaniambia, "Bi Rehema, sasa yale madubwana yako ya kugeuzageuza weka makumbusho." Nami nilifurahi, nisiwafiche. Nilijiona mtu wa kisasa. Wiki hiyohiyo tukapata habari kwamba migomba ya Mama Gwakisa, mjane mmoja wa Nkunga, inaharibika matunda.

Mama Gwakisa alitupokea vizuri mno. Alikuwa amefagia chini ya migomba mpaka unaona mistari ya fagio, amevaa kanga mpya, ametenga maziwa ya mgando na ndizi za kuchemsha. "Mugonile," alitusalimia, akapiga goti kidogo kwa mkuu wangu ingawa alimzidi umri. Migomba ile ilikuwa imeizunguka nyumba yote, na katikati yake lilikuwapo kaburi la mumewe, limepakwa chokaa. Kwa ndizi hizo alisomesha watoto wanne. Nilipiga picha za mikungu mitatu iliyokuwa karibu na nyumba. Ndizi zake ncha zilikuwa nyeusi, nyingine zimeanza kugeuka njano kabla ya wakati. Taa ya duara ilimulika barabara. Ndizi zilikuwa na unyevunyevu, zikang'aa. Nikadhani ni umande. Kosa langu ndilo hilo, sikuuliza.

Picha zilitumwa. Baada ya siku chache mkuu akaniita, jibu limerudi: kwa inavyoonekana ni mnyauko. Nyinyi watoto wa wakulima mnajua. Mnyauko wa migomba hauna dawa. Unakata shina, unang'oa, unafukia, na ardhi hiyo huigusi kwa migomba kwa muda mrefu. Alisema shamba lote la Mama Gwakisa litakatwa kesho yake asubuhi kabla halijaambukiza jirani, na mimi niende nikapige picha za kukata, ziwekwe kwenye ripoti.

"Nani atamwambia?" nikamuuliza.

"Mtendaji wa kijiji ameshampelekea habari."

Sikuweza kukaa. Nilipanda bodaboda mchana uleule nikaenda Nkunga. Nilimkuta Mama Gwakisa amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi na ndizi mapajani, lakini hamenyi. Hakulia. Aliniuliza taratibu tu.

"Mama, ni ile picha ndiyo iliyosema nikatiwe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nilizifuta vizuri?"

"Ulifuta nini?"

"Ndizi. Nilisikia mnakuja na kamera, nikalowesha kitambaa nikazifuta zote za huku karibu. Zilikuwa na yale majivu kwenye ncha. Mgeni unampigishaje picha uchafu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Si yeye peke yake. Miaka yote niliyokaa studio, hakuna mtu wa hapa aliyekuja kupiga picha bila kuoga, kujipaka mafuta na kufuta viatu mlangoni. Kwao picha ni heshima. Sasa mimi, niliyewafuta watu vumbi begani kwa mikono yangu kabla ya kubonyeza kamera, nilishindwaje kujua kwamba mama wa Kinyakyusa atauogesha mkungu wake? Kwa sababu nilikuwa naitazama lenzi mpya. Nilikuwa najitazama mwenyewe ninavyopendeza nayo.

Majivu yale ndiyo yalikuwa habari yenyewe. Uko ugonjwa mwingine wa ndizi, wa kuvu, unaopenda baridi na mvua kama ya kwetu. Unaanzia kwenye lile ua kavu linalobaki kwenye ncha ya ndizi, unaacha unga wa kijivu kama majivu ya sigara, na unaozesha ncha tu. Huo hauui mgomba. Dawa yake ni kunyofoa maua makavu na kuyachoma moto. Ukiyafuta majivu, inabaki ncha nyeusi na ndizi iliyowahi kuiva, na mtu aliye mbali, anayetazama picha yenye mng'ao wa taa, anaona mnyauko. Simlaumu. Alisoma nilichomwandikia.

"Mama, umebakiza mkungu wowote hukuufuta?"

Alifikiri. "Ule wa korongoni. Umeinamia mtoni, sikuufikia."

Ulikuwa umeinama juu ya kijito, umeegemezwa na mti wenye panda. Kuukata tuushushe haikuwezekana, mtikisiko ungemwaga yale majivu yote. Na lenzi mpya pale haikufaa hata kidogo. Inataka usimame mbali, na mbali pale ni ndani ya maji. Basi nilitoa hamsini yangu mkobani, nikaigeuza, nikaifunga kwa pete ya fundi redio. Hiyo inataka uso wako uwe kiganja kimoja tu kutoka kwenye ndizi. Mama Gwakisa akaenda kuazima ngazi kwa jirani aliyekuwa anaezeka.

Nilipanda na sketi yangu na miaka yangu hamsini na kitu. Mama Gwakisa alishika ngazi kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikamshikisha karatasi inayong'aa ya ndani ya mfuko wa majani ya chai, azirudishie nuru ncha za ndizi kutokea chini. Taa sikuwasha. Nilitandaza mtandio wangu mweupe juu ya mkungu ili nuru ya mbinguni ishuke laini, nisipate ule mng'ao. Hili lishikeni: kitu chenye maji au nta ukikimulika uso kwa uso kinakuficha ngozi yake. Tena ukiwa karibu namna ile usizungushe lenzi kutafuta ukali wa picha. Jisogeze wewe, mbele nyuma, kidogo sana, na ubane pumzi. Nilifinya tundu la lenzi mpaka namba kumi na moja ili ua kavu na unga wake vyote visomeke. Upepo ukija nilisubiri. Ulikuja mara nyingi.

"Mama, unatetemeka," aliniambia kutoka chini.

"Ngazi ndiyo inayotetemeka."

"Ngazi nimeishika mimi," akasema. Tukacheka kidogo, na kweli mikono ikatulia.

Nilipiga picha arobaini na kitu, zikatoka sita zinazosomeka. Kisha nikachuma ndizi moja, nikaipasua kwa urefu, nikaiweka juu ya jani pamoja na kijiti cha kiberiti ili anayetazama ajue ukubwa. Ncha ilikuwa nyeusi na kavu, na zaidi ya hapo nyama yote nyeupe mpaka kwenye kikonyo, bila madoa ya mnyauko. Nikakata na shina la mgomba uliokwisha vunwa, nikasubiri. Ule usaha wa njano wa mnyauko haukutoka. Nikaupiga picha na huo ukavu.

Mkuu wangu nilimkuta anafunga ofisi. Nikamwekea kamera mezani. Alitazama, tena alitazama vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Bi Rehema, jibu limeshatoka. Nikianza kurudisha picha kila mkulima akilia, kazi itakwenda?"

"Hajalia," nikamwambia. "Anayekurudishia ni mimi niliyeipiga."

"Umepiga na ile ya zamani?"

"Ndiyo."

"Basi mtaalamu nitamwambiaje, kwamba lenzi tuliyonunua haioni na ya kugeuza ndiyo inaona?"

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa inamkaba. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye duka la steshenari lenye intaneti mjini kabla halijafungwa, nikazituma zile sita kwa mtaalamu mwenyewe, kwa jina langu. Nikamwandikia: picha ya kwanza niliipiga vibaya, ndizi zilikuwa zimefutwa, naomba utazame hizi kabla ya kesho asubuhi. Kwa kosa hilo la kumruka mkuu wangu nilikuja kupewa barua ya onyo. Walitaka niandike kuomba radhi. Sikuandika, na sitaandika, hata leo wakinifuata hapa.

Asubuhi jibu lilikuwa halijaja. Tulifika Nkunga, mkuu wangu na vibarua sita na mapanga. Mama Gwakisa alikuwa amesimama mlangoni kwa kanga ileile mpya. Nilikwenda nikasimama mbele ya mgomba wa kwanza. Mkuu akanisihi kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akawaambia vibarua waanzie upande wa pili, nyuma ya jiko. Mtu mmoja hawezi kusimama pande mbili. Nilisikia mgomba wa kwanza unaanguka. Mgomba hauvunjiki kwa kishindo, unalala tu kwa uzito wake na maji yake. Nilikimbilia huko, wakahamia huku. Mkuu akaniambia nitoe kamera nifanye kazi niliyojia. Nikamwambia kamera yangu leo haioni.

Ilikuwa imelala migomba kumi na tisa simu yake ilipoita. Alipanda kwenye tuta la barabara kutafuta mtandao. Tulimsikia akiongea na yule mtaalamu. "Ndiyo, daktari. Hapana, daktari. Ndiyo, tumeanza. Ndiyo, nawasimamisha." Aliposhuka alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa na baridi. Akainua mkono, mapanga yakasimama. Akasema ni kuvu la ncha, si mnyauko, maua makavu yanyofolewe yachomwe. Alisema kwa sauti, mbele ya vibarua wote, na kwa hilo nampa haki yake.

Mimi nilitegemea Mama Gwakisa atanikumbatia. Ndivyo ilivyo kwenye sinema zenu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kwa kibarua aliyekuwa karibu, akachukua panga mkononi mwake kama mtu anayepokea mzigo, akaliweka chini. Akaingia nyuma ya jiko akatoka na jembe. Akachimbua chipukizi changa pembeni ya shina moja lililosalia, akalikung'uta udongo, akalipeleka kwa mkuu wangu na kumwekea mikononi, ingawa alikuwa amevaa suti.

"Umekata," akamwambia. "Panda."

Mkuu alimtazama, akatazama viatu vyake. Akavivua. Alipanda mpaka jua likawa juu ya vichwa, na hakuna aliyemcheka.

Nilikuwa nimesimama pembeni nafungua mkoba nitoe kamera, maana picha ile ningeiuza mpaka Ulaya. Mama Gwakisa alinigusa bega. Mkononi alikuwa na jembe la pili.

"Na wewe," akasema. "Picha ya kwanza ilikuwa yako."

Nilifunga mkoba, nikapokea jembe.